Mwanafunzi Asiye na Kipande Hahitaji Kuwa Shujaa

Oda ilikuja saa tano usiku, majirani wa ploti yetu hapa Kimbo, Ruiru, wakiwa wameshazima redio. Kurasa nane, ziwe tayari kufikia saa saba mchana wa kesho yake. Mada: jinsi vyuo vya jamii nchini Marekani vinavyoweza kuwasaidia wanafunzi wasio na makaratasi ya kuishi nchini humo. Malipo, dola tano kwa ukurasa. Huo ulikuwa mwaka 2022. Mimi nilikuwa nimeacha chuo kikuu mwaka uliotangulia baada ya karo kunishinda, na kazi yangu ikawa kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo ambao wao walikuwa bado chuoni. Sijivunii kazi hiyo. Ililipa kodi ya nyumba, nami sikuuliza maswali.

Kufikia alfajiri nilikuwa mjuzi. Nilijua kwamba chuo cha jamii kule ni chuo cha miaka miwili, karo yake nafuu, mlango wake wazi karibu kwa kila mtu. Yaani ni ndugu wa vyuo vyetu vya ufundi. Nilijua kwamba mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe iliyotoka Texas, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma ya bure kwa sababu hana makaratasi. Nilijua pia kwamba uamuzi huo humfikisha mtoto mwisho wa sekondari, kisha humwacha hapo. Nilijua kwamba mwaka 2001 Texas na California zilipitisha sheria za kumruhusu kijana aliyesomea sekondari jimboni alipe karo ya mwenyeji badala ya karo ya mgeni, na kwamba California iliongeza msaada wa fedha za jimbo kwa sheria za 2011. Nilijua kwamba Juni 2012 Rais Obama alianzisha mpango wa DACA, uliowakinga kwa muda vijana walioletwa nchini wakiwa watoto na kuwapa kibali cha kufanya kazi. Na nilijua kwamba pamoja na hayo yote, ruzuku na mkopo wa serikali kuu hawapati.

Nilituma insha saa sita na nusu. Nikiwa bado nimeinama kwenye kompyuta, mlango ukabishwa.

"Jirani, hiyo laini yako iko na shida? Nataka unilipie karo kwa simu, mimi nikupe keshi."

Jirani huyu nitasema machache kumhusu, na baadaye nitaeleza kwa nini. Alikuwa akisomea umeme katika chuo kimoja cha ufundi mjini Thika. Laini yake ya simu ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na mwaka ule tulipoagizwa sote kusajili laini upya, yake ikafungwa. Hangeweza kuisajili kwa jina lake kwa sababu hakuwa na kitambulisho. Cheti cha kuzaliwa anacho. Mzazi mwenye kitambulisho ndiye hana. Chifu anamjua tangu utotoni na barua alimwandikia, lakini barua ikifika dirisha la pili swali ni lile lile: kitambulisho cha mzazi kiko wapi?

Nikachukua pesa zake, nikamlipia karo. Nikampa ujumbe wa kuthibitisha malipo aunukuu kwenye karatasi. Alipoondoka ndipo iliponijia kwamba usiku kucha nilikuwa nimeandika maneno elfu mbili kumhusu mtu kama yeye, na yeye hakuwa amenipitia akilini hata mara moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma, kwa hiari sasa, maandishi kuhusu wanafunzi wasio na makaratasi, ya kwao na ya kwetu. Hoja yangu ni kwamba mengi yao, hata yaliyoandikwa kwa moyo mweupe, yanamdai mwanafunzi jambo ambalo hatumdai mwanafunzi mwingine yeyote: awe wa ajabu.

Tuanze na ya Marekani, kwa kuwa wao wameandika zaidi. Mwaka huo huo wa 2001 mswada ulipelekwa kwenye Bunge la Marekani ili vijana wa aina hii wapate njia ya kuwa wakazi halali. Herufi za kwanza za jina lake zilipangwa zikasomeka "ndoto" kwa Kiingereza. Mswada haukuwahi kuwa sheria, lakini vijana walibaki wakiitwa "waota ndoto", na jina likazaa hadithi. Kijana aliletwa akiwa mdogo, hakujua, hana kosa. Amekuwa wa kwanza darasani. Anataka kuwa daktari au askari. Anaipenda bendera. Mwisho wa hadithi msomaji anakubali kwamba huyu, naam, anastahili.

Hadithi hiyo imefanya kazi ya maana, sitaki kuidharau. Imewasaidia watu kupata karo nafuu na vibali. Lakini angalia inachosema chini kwa chini. Ikiwa kijana hana kosa, basi mwenye kosa ni mama aliyembeba mgongoni akavuka naye. Na ikiwa anastahili kwa sababu amekuwa wa kwanza, basi yule wa ishirini na tatu afanyeje?

Kitabu kilichonifungua macho ni The Undocumented Americans cha Karla Cornejo Villavicencio, kilichotoka mwaka 2020 na kufika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani. Mwandishi alizaliwa Ecuador na akasoma Harvard akiwa hana makaratasi, kwa hiyo angeweza kuandika hadithi ya ushindi wake na ikanunuliwa kama maandazi ya asubuhi. Akakataa. Akaenda kuwatafuta vibarua wa Staten Island, watu waliosafisha vifusi vya New York baada ya Septemba 11, familia za Flint ambako maji ya mfereji yalikuwa na risasi. Watu wake wanakunywa, wanakosana, wanazeeka vibaya, wanachekesha. Hakuna anayetuomba tumpe cheti cha tabia njema.

Kina kasoro zake. Hasira ya mwandishi mara nyingine hukaa kiti cha mbele, na yule anayesimuliwa akasukumwa nyuma. Na kwa kuwa kinawakimbia kwa makusudi wale vijana wa ndoto, mwanafunzi wa kawaida anapotea kabisa: yule wa chuo cha miaka miwili, anayeosha vyombo hotelini usiku na kusinzia darasani asubuhi. Kati ya shujaa wa Harvard na kibarua wa Staten Island kuna nafasi kubwa tupu, na wengi wamo humo.

Sasa turudi nyumbani. Sisi tuna tanzu mbili.

Ya kwanza kila Mkenya anaijua. Hutoka kila mwanzo wa mwaka wa shule: mtoto amefika langoni mwa shule na sanduku tupu, ametembea kilomita kadhaa, ana alama nyingi na hana karo. Mwandishi humnukuu bibi yake. Kisha mhisani hujitokeza. Mtoto aliyepata alama za wastani hafiki langoni kwenye hadithi hizo, ingawa langoni kwenyewe wamejaa.

Ya pili ni hadithi ya sherehe. Oktoba 2016 Wamakonde, ambao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, walianza safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Ikulu ya Nairobi wakidai uraia, na wakaupata. Desemba 12, 2020, Rais Kenyatta alitangaza kwamba Washona wapatao 1,670 watatambuliwa kuwa raia. Hawa ni majirani zetu hapa Kiambu. Familia zao zilianza kufika kutoka Rhodesia, Zimbabwe ya leo, karibu na mwaka 1960 kueneza Injili, wakaishi kwa useremala na ususi wa vikapu, na uhuru ulipokuja hawakuandikishwa. Vyeti vyao vilitolewa Julai 2021. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba wa pwani. Kila mara picha ni ile ile: jukwaa, kiongozi ananyosha mkono, mama ameshika cheti kwa mikono miwili, vigelegele.

Nami ningepiga vigelegele. Lakini kama kazi ya uandishi, hadithi ya sherehe ina tatizo la muda. Huanza siku serikali inapofika, na kuishia siku hiyo hiyo. Miaka kumi na minane au hamsini kabla ya jukwaa hupewa aya moja, na aya hiyo ni ya mateso. Hatuambiwi mtu alisomaje katika miaka hiyo. Nani alimwandikisha? Alikalia mtihani kwa namba gani? Nani aliangalia pembeni? Hapo ndipo elimu ilipotokea, na hapo mwandishi hakuwepo.

Tena hadithi hizi zote ni za jamii nzima. Binti asiye wa kabila lolote linalosubiri kutangazwa, ambaye tatizo lake ni mzazi mmoja na karatasi moja, hana jukwaa linalomjia.

Riwaya zetu zingeweza kusaidia. Siku Njema ya Ken Walibora, iliyotoka 1996, niliiazima nikiwa darasa la nane na nikaisoma mara mbili. Kongowea Mswahili anatoka Tanga, anavuka kuja Kenya kumtafuta baba yake. Tulifunzwa kumsoma kama mfano wa subira na wa umahiri wa lugha, na ni kweli yote mawili. Lakini hakuna mwalimu aliyetuuliza swali ambalo jirani yangu angeuliza kwanza: mtoto anayemtafuta baba upande wa pili wa mpaka, anatafuta nini kingine? Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa iwapo mama au baba yake ni raia. Vizuri sana. Lakini asiyeweza kumwonyesha huyo mama au huyo baba, pamoja na karatasi zake, anaishi kana kwamba kifungu hakijaandikwa. Ukiisoma riwaya ile ukiwa umesimama kwenye foleni ya vitambulisho, kumtafuta baba si jambo la moyo peke yake.

Kuna historia hapa ambayo watu wa Kiambu hatuna kisingizio cha kuisahau. Mtaani kitambulisho bado tunakiita kipande. Kipande cha kwanza kilitundikwa shingoni mwa wanaume Waafrika na serikali ya kikoloni kuanzia miaka ya 1919 na 1920, kwenye kikebe cha chuma, ili mzungu mwenye shamba ajue nani ametoroka kazi. Harry Thuku, mtu wa Kiambu, alikuwa miongoni mwa waliokipinga, na alikamatwa Machi 1922. Miaka mia moja baadaye jirani yangu alikuwa akizunguka Thika akikililia kitu chenye jina lile lile. Sisemi ni kitu kile kile. Nasema nchi ambayo karatasi ilitumika kwanza kumfunga mtu ingefaa kuona haraka zaidi kukosekana kwake kunapomfunga.

Nimefika sehemu ambayo ningependa kuiruka.

Mwaka 2023 shirika moja dogo la misaada liliniomba makala fupi kumhusu kijana anayesoma katika hali ngumu. Oda za insha zilikuwa zimekauka. Wateja walikuwa wamegundua kwamba mashine huandika bure. Nikamfikiria jirani. Nikamuuliza, akakubali, tukakaa jioni mbili kwenye ngazi za ploti. Nikaandika. Msimamizi wa shirika akaniambia iko sawa, ila niongeze hisia kidogo. Nikaongeza. Nikaweka ovaroli ya kuazima, nikaweka mama wa marehemu, nikaweka ndoto ya kuwa mhandisi atakayewasha taa vijijini. Jina lake sikuliandika. Nikajiona mwangalifu.

Kumbe darasa lao lilikuwa na wasichana wawili tu.

Pale chuoni palikuwa na karani mmoja ambaye kila muhula, akifika kwenye nafasi ya namba ya kitambulisho, aliandika kwa penseli "kinakuja". Hakuna sheria iliyomruhusu na hakuna aliyemuuliza. Makala yangu ilizungushwa kwenye simu, ikafika ofisi ya juu, na swali likashuka. Jirani akaambiwa alete kitambulisho kabla ya kuandikishwa mtihani. Hakuwa nacho. Mtihani ukampita. Karani akaacha kuandika kwa penseli.

Mhisani alijitokeza, ndiyo. Alimtumia shilingi elfu tano, kwa laini yangu.

Nilipompelekea makala ile asome, hakunifokea. Aliisoma amesimama mlangoni, akanirudishia simu. "Imeandikwa poa," akasema. "Lakini huyu si mimi. Mimi sijawahi kusema nataka kuwasha taa za vijiji. Nilisema nataka kufanya waya za nyumba nilipwe."

Huo ndio uhakiki bora zaidi niliowahi kupewa, na ndio uliozaa makala haya. Nilikuwa nimechukua mtu aliyetaka riziki, nikamfanya mtu anayestahili. Na katika kumfanya astahili nilimtoa kwenye kivuli kilichokuwa kikimsitiri, kwa faida ya wasomaji ambao hawakuwa na uwezo wa kumwandikisha popote.

Maandishi mazuri juu ya jambo hili yangefanana vipi? Nadhani yangemwacha mwanafunzi apumzike, yakauchunguza mlango. Mlango una watu wanaoulinda, una saa zake, una karatasi unazozitaka na karatasi unazoweza kuzikubali badala yake. HELB, inayowakopesha pia wanafunzi wa vyuo vya ufundi, huanza na namba ya kitambulisho. Askari wa jengo ambamo mwanafunzi anakwenda kufanya mafunzo ya kazini hutaka kukishika. Benki hukitaka, kampuni ya simu hukitaka. Lakini mwalimu wa umeme hakihitaji ili kumfundisha mtu kuunga nyaya. Kwa nini basi nafasi ile iko kwenye fomu ya darasani, na ni nani aliyeiweka? Hilo ni swali la mwandishi mpelelezi. Halihitaji machozi ya mtu.

Mwandishi kama huyo angeona pia kwamba Katiba, kifungu cha 43, inampa haki ya elimu "kila mtu", wala haisemi kila mwenye kitambulisho. Angeuliza kwa nini chuo kisiseme waziwazi, kwa maandishi yaliyobandikwa ukutani, kwamba cheti cha kuzaliwa na barua ya chifu vinatosha kuanza masomo. Angeuliza kwa nini pasiwe na ofisa mmoja anayejulikana, anayezungumza na mwanafunzi faraghani badala ya kumwita kwa sauti mbele ya foleni. Vyuo vingi vya jamii vya California vina ofisi za aina hiyo. Hazikujengwa kwa huruma ya karani mmoja. Zilijengwa juu ya sheria, na fedha zikatengwa.

Sheria nayo si mwamba. Ile ya Texas ya 2001 niliyoisifu kwenye insha yangu ya dola arobaini ilipelekwa mahakamani na serikali kuu Juni 2025. Jimbo lenyewe halikuitetea, na ikazimwa siku hiyo hiyo. Mwanafunzi aliyelala akiwa mwenyeji akaamka mgeni. Kwa hiyo sisemi maandishi ukutani yatamaliza mambo. Nasema ni afadhali kuliko penseli, kwa sababu maandishi yakifutwa watu huona yamefutwa, na wanaweza kuuliza. Penseli ya karani ilipofutika hakuna aliyejua isipokuwa watu watatu, na mmoja wao ndiye aliyeifuta.

Kuna watakaosema kwamba bila hadithi ya shujaa hakuna atakayesoma. Labda. Nimeishi kwa kuandika vitu ambavyo watu walikuwa tayari kulipia, najua soko linataka nini. Lakini sioni kwa nini msomaji wa Kiswahili, ambaye amepanga foleni Huduma Centre pale Thika tangu alfajiri na kuambiwa arudi kesho, ashindwe kusoma habari za mlango. Milango anaijua kuliko mashujaa.

Jirani alianza upya katika chuo kingine, karo upya, mwaka wa kwanza upya. Kitambulisho bado. Makala haya ameyasoma kabla yenu. Alifuta sehemu mbili, nami sikuuliza kwa nini. Kisha akasema kuna kitu nimesahau.

"Weka kwamba hesabu nilipata D," akasema. "Wasije wakadhani."